Mbegu Inayodai Baridi

Mwishoni mwa Septemba, katika vilima vya kusini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, watu wazima huonekana wameinama chini ya miti wakiokota matunda madogo ya rangi ya machungwa yaliyoangukia majani makavu. Hakuna anayepanda mtini kuchuma. Persimoni ya Marekani, ambayo wataalamu wa mimea huiita Diospyros virginiana, ikichumwa kabla ya wakati wake imejaa tanini inayokausha ulimi na kukaza mashavu hata mtu ashindwe kutema vizuri. Kapteni John Smith, mmoja wa viongozi wa kwanza wa makazi ya Waingereza huko Jamestown, Virginia, aliifahamu mwanzoni mwa karne ya 17, akaandika kuwaonya wenzake juu ya mateso ya kuila ikiwa mbichi na kuisifu ikiwa imeiva. Kwa hiyo watu husubiri tunda lianguke lenyewe, likiwa limelainika kiasi cha kupasuka kiganjani.

Mji mdogo wa Mitchell, alikozaliwa mwanaanga Gus Grissom, umekuwa ukifanya tamasha la persimoni tangu 1947. Kivutio chake kikubwa ni shindano la pudini: rojo la tunda, sukari, mayai, maziwa, unga na mdalasini, vinaokwa hadi viwe vya kahawia iliyokoza. Rojo hilo hupatikana kwa kuyasukuma matunda kwenye chujio la chuma lenye mkono wa kuzungusha. Kinachobaki ndani ya chujio ni maganda na mbegu bapa za kahawia, nyingine zikikaribia urefu wa sentimita moja na nusu, na kwa wapishi wengi hizo ni takataka.

Kwa mwenye kitalu, huo ndio mtaji. Ila akizichukua mbegu hizo leo, akazifukia kwenye udongo mzuri, akamwagilia na kuziweka penye joto, kuna uwezekano mkubwa wa kukaa wiki baada ya wiki akitazama udongo mtupu. Mbegu nzima, hai, iliyolowa vizuri, itakataa kuota. Haina ugonjwa wala haijazeeka. Inadai baridi.

Wenyeji wa maeneo yanakoota mipersimoni wanaijua habari ya baridi kwa namna yao, na wana imani mbili juu yake. Ya kwanza ni kwamba tunda haliivi mpaka lipigwe na jalidi, ule umande unaoganda usiku. Imani hii imeenea sana, nayo si kweli. Miti mingi huivisha matunda yake kabla ya jalidi ya kwanza, na tunda bichi likipigwa na jalidi haliwi bivu kwa ajili hiyo. Ukali unaondoka pale tanini zinapoacha kuyeyuka mateni, na hilo huja na uivaji wenyewe. Jalidi na uivaji hukutana tu katika kalenda, watu wakadhani kimoja kinazaa kingine.

Imani ya pili inapendeza zaidi. Katika milima ya Appalachia na ya Ozark, mzee huichukua mbegu ya persimoni, akaishika kwa koleo isiteleze, akaipasua kwa kisu kufuata ubapa wake. Ndani huonekana umbo dogo jeupe. Likifanana na kijiko, theluji itakuwa nyingi na kila mtu atafute sepetu. Likifanana na kisu, upepo utakata. Likifanana na uma, baridi haitakuwa kali. Magazeti ya miji midogo huchapisha utabiri huo kila mwaka, na hakuna anayeudai radhi ukikosea.

Umbo hilo jeupe lastahili kutazamwa kwa karibu kuliko utabiri wenyewe. Ni kiinitete, yaani mmea mchanga wote: ncha ya mzizi upande mmoja, na upande wa pili majani mawili ya kwanza yaliyobanana. Majani hayo yakiwa yameshikana huonekana kijiko. Yakiachana kidogo, uma. Kukizunguka kuna dutu ya kijivu inayopitisha mwanga hafifu, ngumu hata ukucha haupenyi. Hicho ni chakula cha akiba, nacho kimehifadhiwa ndani ya kuta nene za seli. Kwa hiyo mmea huu mchanga umelala ndani ya ghala lake, na ghala lenyewe ndilo gereza lake. Ili utoke, mambo mawili lazima yatokee: kiinitete kipate nguvu ya kusukuma, na ukuta ulio mbele ya ncha ya mzizi ulegee.

Fikiria sasa mahali mbegu inapoangukia. Tunda linaliwa na rakuni, oposamu, mbweha, koyoti au kulungu, na mbegu inaachwa na mnyama mahali pengine mwezi wa Oktoba au Novemba. Katika majimbo ya kati ya Marekani, Novemba inaweza kuleta juma zima la jua zuri. Mbegu inayoamini juma hilo itatoa mche laini, na majuma machache baadaye ardhi itaganda na mche utakufa. Zile zilizoota upesi hazikuacha kizazi. Waliobaki ni watoto wa mbegu zisizodanganyika, mbegu ambazo hazikubali joto lolote mpaka kwanza zimepitia kipindi kirefu cha baridi zikiwa na unyevu.

Kipimo hicho hufanya kazi kwa kemia. Ndani ya mbegu iliyolala kuna asidi ya absisiki, homoni inayoizuia isiote. Upande wa pili kuna jiberelini, homoni zinazosukuma ukuaji na kuamsha vimeng'enya vya kulegeza kuta za chakula cha akiba. Mbegu ikiwa imelowa na kupoa, siku hadi siku uzito unahama: nguvu ya asidi inapungua, ya jiberelini inapanda. Kwa macho hakuna kinachoonekana. Kwa persimoni ya Marekani, miongozo ya misitu ya nchi hiyo inataja siku 60 hadi 90 kwenye nyuzijoto 3 hadi 10 za Selsiasi, ndani ya mchanga au mboji yenye unyevu.

Neno la kushikilia hapo ni unyevu. Mbegu kavu ndani ya jokofu hulala tu, kwa sababu mabadiliko yale yanahitaji seli zilizonywa maji. Na friza haisaidii: kazi hufanyika juu kidogo ya kiwango cha kuganda, na kuigandisha mbegu iliyolowa hakuharakishi chochote. Anayezitupia mbegu kavu kwenye friza akidhani baridi kali zaidi itamaliza kazi upesi zaidi anapoteza msimu mzima.

Maarifa haya ni ya zamani kuliko homoni zilizoyaeleza. John Evelyn, Mwingereza aliyechapisha kitabu cha miti kiitwacho Sylva mwaka 1664, tayari aliwashauri wenye mashamba wazihifadhi mbegu za miti ndani ya mchanga au udongo wenye unyevu wakati wa majira ya baridi, ndipo wazipande masika. Watunza bustani wa Ulaya walizipanga kwa tabaka: mchanga, mbegu, mchanga, mbegu, chombo kikaachwa nje. Kwa nini ilifaa, hawakuwa na jibu. Jibu lilianza kutafutwa kwa utaratibu katika karne ya 20, hasa katika Taasisi ya Boyce Thompson iliyofunguliwa Yonkers, New York, mwaka 1924. Mkurugenzi wake wa kwanza, William Crocker, na mwenzake Lela Barton waliziweka mbegu za aina nyingi kwenye vyumba vya baridi vya viwango tofauti, kwa muda tofauti, wakahesabu zilizoota. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri, na kila pakiti ya mbegu za miti yenye maelekezo ya kuweka kwenye jokofu ina deni kwa kazi ya namna hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mlinganisho wa karibu wa kumsaidia. Wakazi wa nyika wanajua kwamba mbegu ya mgunga nayo hukataa kuota, ila kwa sababu tofauti kabisa. Ganda lake halipitishi maji. Ndiyo maana wenye vitalu huzimwagia maji ya moto na kuziacha zipoe humohumo usiku kucha, au hulikwaruza ganda kidogo. Dawa ya mgunga ni kutoboa mlango. Mbegu ya persimoni inaweza kunywa maji na bado ikaendelea kulala. Na hata ndani ya ukoo mmoja dawa hazifanani. Diospyros mespiliformis, mti mkubwa wa nyika na kingo za mito barani Afrika, ni ndugu wa karibu wa persimoni ya Marekani, lakini mbegu zake hazihitaji majira ya baridi yoyote. Zingeyapata wapi? Hata nyanda za juu za Makete au Limuru, ambako Julai watu huota moto usiku, mchana jua hurudi na kupasha udongo. Mbegu ya Indiana inataka baridi isiyokatika.

Kwa hiyo anayetaka kuotesha persimoni ya Marekani mbali na kwao, au hata kwao lakini kwa uhakika zaidi, huyatengeneza majira ya baridi ndani ya jokofu la jikoni.

Kazi huanza na usafi. Nyama ya persimoni ina sukari nyingi na hung'ang'ania mbegu kwa utando unaoteleza, na kila chembe inayobaki ni karamu ya ukungu. Matunda hupondwa ndani ya ndoo ya maji na kuachwa siku moja au mbili nyama ilegee, kisha mbegu husuguliwa juu ya chekecheke chini ya bomba mpaka zisiteleze tena. Zikiwekwa kwenye maji, nzuri huzama. Zinazoelea mara nyingi ni tupu. Tunda moja linaweza kuwa na mbegu chache sana au zikafika nane, na kilo moja ya mbegu safi hufikia takriban 2,600, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzionea huruma zile zinazoelea.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mbegu zikishaoshwa, huwekwa juu ya gazeti dirishani na kusahauliwa wiki tatu, kama zinavyofanyiwa mbegu za mchicha au nyanya. Persimoni haifurahii hilo. Ukaushaji mrefu unaifanya inywe maji kwa shida baadaye, na mbegu zilizokauka hulazimika kulowekwa siku mbili au tatu kabla ya kuingia baridini. Ni salama zaidi kuzipangusa maji ya juu na kuendelea siku hiyohiyo.

Mchanga safi wa mto unafaa, vumbi la nyuzi za nazi lililooshwa linafaa, mboji isiyo na mbolea inafaa. Kipimo cha unyevu ni mkono: ukiukamata mchanga huo ukaubana kwa ngumi, ushikamane bila kudondosha tone. Ukidondosha, mbegu zitaoza. Mbegu huchanganywa humo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ukaachiwa nafasi ndogo ya hewa, ukaandikwa tarehe kwa kalamu isiyofutika, ukawekwa kwenye rafu ya chini ya jokofu. Tarehe inaonekana jambo dogo mpaka Februari inapofika na kila mtu nyumbani ana maoni yake juu ya lini mfuko uliingia.

Kila baada ya wiki mbili au tatu mfuko hutazamwa. Ukungu mweupe wa juujuu huoshwa na mchanga hubadilishwa; mbegu iliyolainika na kunuka hutupwa isiambukize nyingine. Wenye bustani ya nje katika nchi zenye majira ya baridi wanaweza kuyaruka yote haya kwa kuzipanda Oktoba na kuacha hali ya hewa ifanye kazi, mradi kitalu kifunikwe kwa wavu wa waya, kwani panya na kuchakulo hawasubiri masika.

Siku 90 zikitimia, mfuko hutolewa. Mbegu hufukiwa sentimita mbili au tatu chini ya udongo na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30. Baadhi zitatangulia, nyingine zitachelewa kwa wiki kadhaa, na tofauti hiyo ni ya asili yake. Porini mbegu nyingine hungoja hata mwaka wa pili au wa tatu. Mzizi hutoka kwanza, mweupe, nao hushuka chini moja kwa moja kwa kasi ya kushangaza kabla ya chochote kuonekana juu. Baada ya muda hugeuka mweusi. Wageni wa mmea huu wakiuona weusi huo hudhani mzizi umeoza na kuutupa mche mzima. Mzizi wa persimoni ni mweusi, basi. Uozo hujulikana kwa ulaini na harufu.

Kwa kuwa mzizi mkuu una haraka, chungu kifupi ni adhabu. Ukigota chini hujikunja, na mti wenye mzizi uliojikunja hubaki na kasoro hiyo maisha yake yote. Vitalu hutumia vyombo virefu vya sentimita 30 hivi, au hupanda mbegu moja kwa moja mahali mti utakapoishi. Kuing'oa mipersimoni michanga iliyokwisha kujishindilia ardhini na kuihamisha ni kazi yenye vifo vingi.

Kisha kuna kofia, na hapa jokofu halina msaada. Mche unapoinuka hutoka kama kitanzi, ukiivuta mbegu yenyewe kutoka udongoni, na mara nyingi majani mawili ya kwanza hubaki yamenaswa ndani ya ganda gumu. Mche unasimama wima na kofia ya kahawia kichwani, haupati mwanga, na usipoitupa utachoka na kufa. Anayeivuta kwa nguvu huondoka na kichwa chote, na chini ya hapo hakuna jicho la kuchipua. Namna ya kufanya ni kuilowesha kofia kwa matone ya maji asubuhi na jioni, kuufunika mche kwa mfuko au gilasi ili hewa iwe na unyevu, na kungoja siku moja mbili. Ganda likilegea, vidole viwili hulisugua taratibu upande hadi upande, mpaka majani yenyewe yalisukume. Watafiti waliowahi kukiondoa kikofia kidogo cha ganda kinachoziba ncha ya mzizi, hata kabla ya kupanda, walipata uotaji kamili. Kumbe sehemu kubwa ya ukaidi wa mbegu hii iko hapo mlangoni. Lakini upasuaji wa aina hiyo juu ya mbegu inayoteleza, kwa wembe mkali, ni wa maabara kuliko wa jikoni, na jokofu halijawahi kumkata mtu kidole.

Wanaoishi Uingereza, Canada au Ghuba hukutana na persimoni ya namna nyingine madukani: kaki ya Asia, Diospyros kaki, kubwa na nzito. Nyingi hutoka Hispania, eneo la Valencia, aina ya Rojo Brillante, na mtu akiikata akitafuta mbegu za kupanda kwa kawaida hakuti hata moja. Tunda hilo hukua bila uchavushaji. Palipo na mti dume karibu mbegu hupatikana, na mbegu za kaki kwa kawaida huridhika na baridi fupi kuliko za jamaa yake wa Marekani.

Mbegu za kaki zilizosafiri mbali kuliko zote pengine ni za Nagasaki. Bomu la atomiki lilipolipuka tarehe 9 Agosti 1945, mkaki mmoja uliungua shina likawa jeusi upande mmoja, lakini ukabaki hai. Mwaka 1994 mtaalamu wa matibabu ya miti, Masayuki Ebinuma, aliuhudumia mti huo, akafanikiwa kuotesha miche kutokana na mbegu zake, akaanza kuwagawia watoto waliotembelea mji huo. Msanii Tatsuo Miyajima akajiunga naye, na mwaka 1996 mche wa kwanza chini ya mradi wao ulipandwa kwenye iliyokuwa shule ya msingi ya Ryuhoku, Tokyo. Tangu hapo watoto wa mti ule wamepandwa katika nchi nyingi, Italia ikiwa miongoni mwa zilizoipokea miche kwa wingi. Kila mmoja wao ni wa kipekee: mche wa mbegu haurudii tabia za mama, hurithi kwa kuchanganya. Kwa ukumbusho hilo halina dosari. Kwa mkulima anayetaka tunda lilelile ni tatizo.

Tatizo hilo lina sura nyingine kwa persimoni ya Marekani. Mti mmoja kwa kawaida ni jike au dume, si vyote viwili, na mbegu haionyeshi ni ipi. Dume hutoa maua madogo yaliyokaa mawili matatu pamoja, jike ua moja moja kubwa zaidi, na maua yenyewe huja baada ya miaka kadhaa. Zaidi ya hapo kuna koo mbili, moja yenye kromosomu 60 na nyingine 90, ambazo hazizalishani vizuri. James Claypool wa Illinois alipanda miche ya mbegu kwa mamia kwa mamia ili achague michache tu iliyozidi wazazi wake, mingi ikiwa na damu ya Early Golden, aina iliyopatikana jimboni humo katika miaka ya 1880. Huo ni uvumilivu wa mtafiti, na si kila mwenye bustani anao.

Mwenye bustani hufanya njia ya mkato. Miche yake ya mbegu huiacha ikomae mashina, bila kujali ni dume au jike, kisha huibebesha. Vijiti vya aina nzuri hukatwa wakati wa baridi mti ukiwa umepukutika majani, hufungwa kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, na kuwekwa kwenye jokofu lilelile kando ya mbegu, ili macho yake yasifunguke kabla ya wakati. Masika yakifika na majani ya miche yakianza kuchanua, vijiti hutolewa vikiwa bado vimelala, vikachongwa na kufungwa kwenye shina lenye utomvu unaopanda, na baada ya wiki tatu au nne jicho la kwanza huvimba.